Mtihani wa Zabron Kwenye Njia ya Rangwi

Jina langu ni Vumilia, na wazazi wangu walikosea. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja, nimestaafu, na mpaka leo nikimsikia mtu akisema "more better" mkono wangu wa kulia unatafuta chaki. Kwa hiyo vijana wanaotembeza wageni pale Malindi, hii yetu ya milimani Lushoto, si ile ya pwani, waliponiomba niwafundishe jioni, kwenye chumba cha kwaya nyuma ya kanisa, nilikubali kabla hawajamaliza kuomba. Walianza kumi na mmoja. Baada ya miezi miwili alibaki mmoja. Wanasema niliwafukuza kwa tabia yangu ya kusoma alama zao kwa sauti kila Ijumaa, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Mimi nasema asiyetaka kujua kuwa yeye ni wa mwisho asiende shule.

Aliyebaki ni Zabron. Ana miaka arobaini na minne, mpole, mrefu, na kwa miaka kumi na tisa amebeba mabegi ya wageni wanaokuja kutembea milimani kwetu. Mbele hutangulia kiongozi mwenye kitambulisho shingoni, nyuma hufuata Zabron na mzigo. Kiongozi akipotea njia, na hupotea, humgeukia Zabron kwa jicho. Zabron huonyesha njia kwa kidevu, taratibu, ili mgeni asione.

Basi naye alikitaka hicho kitambulisho. Alishafanya mtihani mara mbili na mara mbili akaanguka. Mwaka huu chama chao kikatangaza kwamba mtu atajaribu mara tatu tu maishani. Ukianguka ya tatu, utabeba begi mpaka mgongo ukukatae.

Kilichomwangusha mara zote mbili ni kulinganisha. Mtahini hutaka kusikia kiongozi akilinganisha vitu kwa Kiingereza: kilima hiki na kile, kijiji hiki na vingine vyote. Sisi kwenye Kiswahili tuna "kuliko" yetu, inatutosha kwa shida zote. Mwingereza yeye amejenga ngazi: tall, taller, tallest. Wa chini, wa kati, na aliyekaa juu ya wenzake wote. Zabron ngazi hizo alizijua barabara. Ungemwamsha usingizini angekupa zote, hata zile korofi za good na bad. Tatizo lake ni kwamba hakutaka kumpandisha mtu huko juu.

Siku moja nilimpa zoezi awalinganishe majirani zake, Kornelio na Eliudi, kwa urefu. Kornelio akiingia kanisani huinama mlangoni. Eliudi akikaa kwenye benchi miguu haigusi chini. Zabron alifikiri nusu saa, akaandika kwa mwandiko mzuri sana: "Kornelio and Eliudi are two people."

Nikamwekea kosa kubwa jekundu.

"Unisamehe, Mwalimu," akasema. "Eliudi je, akiliona hili daftari?"

"Eliudi hajui Kiingereza!"

"Mtoto wake anajua."

Haya, mwenye haki apewe haki yake. Huku kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mashamba yetu yameshikana, na njia ya kwenda kwako inapita uani kwangu. Ukisema kabichi za fulani ni kubwa kuliko za jirani yake, kesho utatafuta pa kupita. Na mpita njia akikuuliza safari yake imebaki kiasi gani, humwambii saa nne. Unamwambia, hapo tu mbele. Ndiyo adabu, kwa sababu miguu ikisikia ukweli inakaa chini. Mimi mwenyewe nimeshaambiwa "hapo tu" asubuhi nikafika jioni, na sikumlaumu mtu.

Lakini mtihani ni mtihani. Wiki ya mwisho nilimkazia macho.

"Zabron, mtahini si jirani yako. Ile hatua ya juu kabisa lazima uitumie mara tatu. Tatu! Imeandikwa kwenye fomu. Utaitumia?"

"Ya kati naiweza, Mwalimu," akasema. "Ya kati inambakizia mtu mwenzake. Ile ya juu inawaacha wote nje."

Nilimtoa darasani kabla sijamrushia dasta.

Mtahini alitoka Tanga mjini, jina lake Bwana Alen, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye tumbo la kutosha, fimbo mbili za chuma, na viatu vipya vya mlimani vya rangi ya machungwa. Mtihani wenyewe ulikuwa kutembea: Zabron awatoe wageni wawili Malindi awafikishe Rangwi kwa njia za mashambani. Mgeni wa kwanza ni Bwana Alen. Aliyekuwa awe wa pili alibaki Lushoto na tumbo la kuendesha. Nikajitolea. Bwana Alen akanipima kwa macho, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kwenye raba nilizoazima kwa binti yangu.

"Mama, una miaka mingapi?"

"Sitini na mitatu."

"Utaweza?"

"Tutaulizana Rangwi," nikamjibu.

Akatoa masharti. Mimi ni mtalii kutoka Ufini, sijui Kiswahili hata chembe. Yeye ni mtalii mwenzangu. Kiingereza tu mpaka Rangwi. Nikitamka neno moja la Kiswahili, au nikimsaidia Zabron kwa namna yoyote, mtihani umefutwa. Nikakubali. Ufini sijawahi kuiona hata kwenye picha.

Tukaondoka saa mbili asubuhi. Hatujapita hata mashamba ya mwisho ya viazi ya kijiji, akatokea Beatha na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Beatha nilimfundisha darasa la tano. Akapiga goti kidogo, mzigo ukiwa juu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Bwana Alen akanitazama, kalamu tayari. Mtu asiyeishi huku hawezi kujua nilivyobanwa pale. Shikamoo haiachwi hewani. Hata mtu uliyegombana naye mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, akikuamkia unaitikia, halafu ndiyo unaendelea kumnunia.

"Hello," nikasema.

Beatha akasimama wima. "Mwalimu, shikamoo."

"Hello, hello," nikasema, nikampungia mkono nilivyodhani Wafini hupunga.

Alinitazama kwa huruma mpaka tukapotea kwenye kona. Jumapili nilipoingia kanisani nilikuta nimeshaombewa. Ilikuwa imeenea Malindi nzima kwamba Mwalimu Vumilia amepigwa kiharusi, na kimembakizia Kiingereza tu.

Zabron alianza vizuri kuliko nilivyotarajia. Alimwonyesha Bwana Alen kinyonga kwenye ua wa mtu, akaeleza mapea yanavunwa lini, akataja miti kwa majina. Kisha njia ikaanza kupanda, na Bwana Alen akaanza kuhema. Akauliza kwa Kiingereza kama bado ni mbali.

Zabron akafikiri kidogo. "It is nearer than in the morning, sir."

Ni karibu kuliko asubuhi. Bwana Alen akaweka tiki. Baada ya kilima kingine akauliza tena, na Zabron akamjibu kwamba sasa ni karibu kuliko alipouliza mara ya kwanza. Tiki. Mara ya tatu ikawa karibu kuliko mara ya pili. Tiki. Nilijifanya nakohoa ili nisicheke. Hakuna uongo uliosemwa, na hakuna aliyejua tuko wapi. Adabu yetu yote ya milimani Zabron alikuwa ameiingiza kwenye ngazi ya kati ya Mwingereza. Lakini kwenye fomu ile ngazi ya juu ilikuwa bado tupu, na mimi nilikuwa nalichungulia faili alilobeba Bwana Alen kila alipolifungua.

Saa tano tukapumzika kwa Dorkasi. Dorkasi na wifi yake Yudith wanakaa uwanja mmoja, na mgeni akipita hapo hawezi kula kwa mmoja. Kila mmoja akaleta sahani yake ya viazi vya kuchemsha. Bwana Alen akala vya huku, akala vya kule, akajifuta mdomo, akamgeukia Zabron na kumuuliza kwa sauti ya kutosha: viazi vya nani ndivyo the best?

Nilifumba macho. Dorkasi aliishia kidato cha pili, na neno best analijua. Alisimama na birika mkononi, hamimini. Yudith neno halijui, ila alimwona wifi yake amesimama, naye akasimama.

Zabron akaitazama sahani ya kwanza. Akaitazama ya pili.

"They are hot, sir."

"The best, Mister Zabron. Which are the best?"

"Very hot, sir. All of them."

Bwana Alen akaandika sifuri. Niliiona ikizunguka kutoka nilipokaa. Nilikasirika mpaka chai ikanipalia, maana kulikuwa na viazi tu pale, viazi, na mtu anatupa maisha yake kwa ajili ya viazi! Dorkasi akamjazia Zabron kikombe mpaka kikamwagika kwenye kisosi. Yudith akamfungia viazi vya njiani kwenye jani la mgomba. Hao ndio waliompa alama siku ile.

Tukaendelea, kama kule kulikuwa kuendelea. Bwana Alen alisimama kila kona kutazama mandhari, hata pale ambapo mandhari yenyewe ilikuwa ukuta wa udongo. Zabron alishamwondolea begi mgongoni, kwa mazoea, na hakulalamika. Tulipaswa kula chakula cha mchana Rangwi saa saba. Saa nane tulikuwa tumefika njia panda, na wingu zito lilikuwa linashuka.

Njia ya kushoto inapanda mwambani. Ni fupi, ni jiwe tupu lenye utelezi, na upande mmoja hakuna kitu mpaka bondeni. Ya kulia inazunguka chini kwenye mashamba ya kabichi, ndefu, salama. Bwana Alen akanyoosha fimbo kushoto. Alikuwa amesoma mahali kwamba ukiwa juu ya ule mwamba unaona mbali.

"That path is resting today, sir," akasema Zabron.

"Resting?"

"It is tired, sir. Tomorrow it will be stronger."

Bwana Alen akacheka. Akasema mgeni ndiye anayechagua, kazi ya kiongozi ni kumpeleka. Akapiga hatua ya kwanza kwenye jiwe. Kiatu kikateleza, akajishika kwa fimbo, akasema fine, fine, akapiga ya pili.

Nilikuwa nimeuma ulimi kweli kweli, si kwa kusema tu. Neno moja, "rudi", lingetosha, na mtihani wa tatu wa Zabron ungekufa mikononi mwangu. Nikamtazama. Alikuwa amevua kofia na anaizungusha. Niliona anachokipima: amvunjie mgeni heshima, na mgeni mwenyewe ndiye huyu aliyeshika kalamu. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye jiwe.

"Sir," akasema Zabron, macho chini. "Stop. You are the slowest guest I have ever walked with."

Bwana Alen akageuka.

"This is the most dangerous path in these mountains. The rain is here. And those," akaonyesha kwa kidevu, "those are the worst shoes. I will not take you."

Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, kwa sababu ualimu ni ugonjwa. Mgeni mzito wa mwendo kuliko wote: moja. Njia ya hatari kuliko zote: mbili. Viatu vibaya kuliko vyote: tatu, na bad haikumpiga chenga! Nilitaka kupiga makofi. Kisha nikauona uso wa Bwana Alen, nikaificha mikono.

"Umesemaje?" akauliza. Masharti yake mwenyewe aliyasahau.

"The slowest, sir." Safari hii Zabron alisema kwa sauti ndogo zaidi, labda alidhani itauma kidogo. "Unisamehe, mzee."

"Mimi?"

"Ndiyo, mzee. Hata kuliko yule bibi wa Kijerumani mwenye nyonga ya chuma."

Hapo nikajua tumekwisha. Bwana Alen alishuka kwenye jiwe kwa makalio, akalitia faili kwapani, akatupita, akashika njia ya kulia.

Mvua ilitukuta katikati ya kabichi. Tukajibanza kwenye kibanda cha kulindia shamba, watatu, magoti yakigusana. Kutoka pale ule mwamba ulionekana vizuri: maji ya matope yalikuwa yakishuka juu ya njia ya kushoto, na mawe yakishuka nayo. Mimi nilikuwa najilaumu. Miezi minane nimemsukuma mtu mpole apande ngazi ya tatu, na kweli kapanda, kamkanyaga mtu mmoja tu ambaye hakupaswa kumkanyaga. Kwa nini sikumwacha na ya kati yake? Nilitaka kulia, na mimi si mtu wa kulia.

Bwana Alen akavua kiatu kimoja. Soksi ilikuwa na damu kisiginoni.

"Mwaka jana," akasema kwa Kiswahili, akiitazama mvua, "kwenye mlima mwingine, siutaji, kijana mmoja aliniambia natembea vizuri. Kila kona: vizuri sana bosi, hapo tu bosi. Kichwa kikavimba, nikazidi kupanda mpaka miguu ikagoma. Nilishushwa kwa machela, watu sita wakipokezana. Na yule kijana anatembea pembeni ya machela ananiambia, unaendelea vizuri, bosi."

Zabron alitazama kofia yake. Mimi nilitazama paa la kibanda, na ilikuwa kazi ngumu, maana kicheko kilikuwa kimenifika puani.

"Nilimfaulisha," akasema Bwana Alen. "Kiingereza chake kilikuwa kizuri."

Akalifungua faili juu ya goti, akaandika kwa muda mrefu. Kisha akamgeuzia Zabron fomu. Penye hatua ya juu kabisa palikuwa na tiki tatu. Ile sifuri ya viazi ilikuwa imekatwa kwa mstari. Chini kabisa kulikuwa na neno moja, Amefaulu, na saini.

"Na viatu," akauliza, "kweli ndivyo vibaya kuliko vyote?"

Zabron akasita. Nikamkanyaga mguu. Mtihani ulikuwa umekwisha, nilikuwa na ruhusa.

"Kuliko vyote, mzee."

Hakurukaruka. Aliisoma ile fomu kuanzia juu mpaka chini, akairudia, kisha akaninyooshea. "Nishikie, Mwalimu. Mikono yangu imelowa." Mikono yake ilikuwa mikavu kabisa. Ni macho ndiyo yaliyolowa, na mimi nikajifanya natafuta mfuko wa kuiwekea.

Tuliingia Rangwi saa kumi na moja jioni. Sista Evelina wa nyumba ya wageni alikuwa amesimama mlangoni na akina mama wawili wa jikoni, wametungoja tangu saa saba, chakula kimeshapashwa mara mbili. Wakamtazama Bwana Alen akija anachechemea, amevaa ndala za Zabron. Zabron alikuwa peku, na viatu vya rangi ya machungwa vilikuwa vimening'inia shingoni mwake, pale ambapo kitambulisho kitakaa.

"Tumsifu Yesu Kristo! Jamani, kulikoni?" akauliza Sista. "Njia ya saa tano mmetembea saa tisa?"

Bwana Alen akazitazama zile ndala. Nilimwonea huruma, na sikutegemea.

"Ni mimi, Sista," akasema Zabron. "Mguu wangu umenisumbua. Mzee huyu amekuwa akinisubiri njia nzima. Anatembea huyu! Katika wageni wote niliowahi kutembea nao, sijaona mwenye miguu kama yake."

"Hongera sana, baba!" wakasema akina mama wa jikoni, na mmoja akakimbilia maji ya moto. Bwana Alen akanyoosha mgongo. Akapokea pongezi, akapanda ngazi za baraza bila kushika ukuta.

Nikamvuta Zabron pembeni.

"Zabron! Hiyo ni hatua ya juu kabisa, na ni uongo mtupu."

"Kule mwambani alikuwa hajafika, Mwalimu," akasema. "Sasa amefika, sifa haiwezi tena kumwangusha."

Nikamrudishia fomu yake. Nikaingia ndani kula.